Jinsi ya kuomba kibali cha kupeleka ng'ombe kwenye mashindano ya mifugo ya Nanenane

Kuanzia tarehe 1 hadi 8 Agosti viwanja vya Nanenane hujaa mifugo: Nzuguni Dodoma, Themi Arusha, John Mwakangale Mbeya, Mwalimu Nyerere Morogoro. Majaji hupita wakikagua ng'ombe wa maziwa, mitamba, madume ya Boran na Sahiwal, mbuzi wa maziwa. Mfugaji akishinda, jina lake linauza mitamba kijijini kwake kwa miaka. Ndiyo maana wengi wanatamani kwenda, na ndiyo maana wengine wanampakia mnyama ambaye hakupaswa kutoka zizini.

Mwongozo huu ni wa mfugaji mdogo mwenye ng'ombe mmoja, wawili au watatu wa kuonyesha. Niseme mapema ninavyoamini: kibali kinaanza kuombwa zizini, miezi miwili au mitatu kabla ya Agosti. Ukifika ofisini wiki ya mwisho ya Julai ukiwa na pesa mkononi na ng'ombe asiye na chanjo, hakuna afisa mwaminifu atakayekusaidia, na hapaswi.

Sheria tatu ndizo zinazokuhusu. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama Na. 17 ya mwaka 2003 ndiyo inayosimamia kuhamisha mifugo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008 inamtambua mnyama kuwa kiumbe mwenye hisia, na inasimama juu ya zile haki tano: asikae na njaa wala kiu, asikae mahali pa kumtesa, asiachwe na maumivu au ugonjwa, awe huru kuishi kwa tabia yake ya asili, na asiishi kwa hofu. Ya tatu ni Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo Na. 12 ya mwaka 2010, ambayo ndiyo chimbuko la hereni za masikioni.

Hatua ya kwanza: jiandikishe mapema kupitia kata

Mwezi Mei nenda kwa afisa mifugo wa kata yako. Wafugaji wadogo wengi huingia Nanenane kupitia banda la halmashauri yao, kwa hiyo idara ya mifugo ya wilaya ndiyo inayopanga nani aende na mnyama gani. Mweleze aina ya ng'ombe, umri, mara ngapi amezaa, na anatoa lita ngapi kwa siku. Kama una daftari la kumbukumbu, lipeleke. Kama huna, anza kuandika leo, maana jaji anayejua kazi yake atakuuliza tarehe ya kuzaa na wingi wa maziwa, na jibu la "anatoa mengi tu" halikusaidii.

Uliza mambo matatu palepale: mnyama anatakiwa awe na chanjo zipi, usafiri ni wa halmashauri au wako, na uwanjani daktari wa mifugo wa zamu ni nani. Hilo la mwisho watu hulipita, nami nalisisitiza. Kule California, Marekani, kwenye rodeo, yaani michezo ya kupanda fahali na kukamata ndama kwa kamba, sheria inamtaka mwandaaji awe na daktari wa mifugo uwanjani, au aliye tayari kufika ndani ya saa moja mnyama akiumia. Tena inakataza kumchoma mnyama kwa fimbo ya umeme akishaingizwa kwenye kizimba cha kusubiria, isipokuwa kwa kuokoa watu. Sisi hatupandi fahali, lakini mtamba akivimba tumbo saa nane za usiku Nzuguni, suala ni lilelile: nani anapigiwa simu?

Hatua ya pili: chanjo, hereni na kuogesha

Chanjo haikingi siku inapochomwa. Mwili unahitaji takriban wiki tatu kujijenga, na ng'ombe anayechanjwa kwa mara ya kwanza dhidi ya ugonjwa wa miguu na midomo anahitaji dozi ya pili baada ya karibu mwezi mmoja. Piga hesabu kurudi nyuma kutoka Agosti, utaona Mei na Juni zimekwisha. Homa ya mapafu ya ng'ombe nayo isiachwe. Ugonjwa huu unaweza kujificha kwa miezi, ng'ombe akaonekana mzima kumbe anakohoa wadudu kwa majirani zake wa bandani. Uwanja wenye ng'ombe kutoka mikoa minne ni mahali pabaya kuliko pote kumpeleka mnyama wa namna hiyo.

Omba cheti cha chanjo chenye tarehe, aina ya chanjo, na namba ya hereni ya mnyama husika. Cheti kisichomtaja mnyama hakimtambulishi yeyote. Kama ng'ombe hana hereni, zungumza na afisa mifugo sasa. Tangu kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi ilipozinduliwa Bariadi, Simiyu, Juni 2025, kazi hizo mbili zimekuwa zikienda pamoja.

Kwa ng'ombe wa maziwa, omba pia apimwe ugonjwa wa kutupa mimba na kifua kikuu. Sampuli hupelekwa maabara za TVLA, yaani Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania, na majibu huchukua muda. Magonjwa haya mawili huwapata binadamu, na banda la ng'ombe wa maziwa ndipo watoto wa shule hupenda kusimama. Usisahau kuogesha au kunyunyizia dawa ya kupe kwa ratiba. Anayeingia uwanjani na kupe anaweza kuwaachia wenzake ndigana.

Hatua ya tatu: barua ya kijiji

Mtendaji wa kijiji au mtaa hukuandikia barua inayothibitisha kwamba mifugo ni mali yako na inatoka eneo lake. Iwe na idadi, rangi, jinsia, alama au namba za hereni, na mahali inapokwenda. Ni hatua fupi, ila isome kabla ya kugongwa muhuri. Barua ikisema "ng'ombe 2 wekundu" na wewe umempakia mweusi mwenye baka, utalala kwenye kizuizi cha barabarani.

Hatua ya nne: ukaguzi wa mnyama

Hapa ndipo penye uzito wote. Siku chache kabla ya safari, mkaguzi wa mifugo anakuja, au unampeleka mnyama kwake. Mfunge ng'ombe kwa hatamu mahali penye kivuli, asiwe ametoka kukimbizwa, maana joto la mwili hupanda akikimbizwa. Mtaalamu anaweka kipimajoto njia ya haja kubwa na kusubiri. Ng'ombe mzima husoma kati ya nyuzi 38 na 39 na ushee. Anapapasa tezi chini ya sikio na mbele ya bega, maana zikivimba anafikiria ndigana kali. Anafungua mdomo kutafuta malengelenge kwenye ulimi na fizi, anashuka kwenye nafasi kati ya kwato, kisha anatazama chuchu. Anasikiliza pumzi. Anamtembeza hatua kadhaa kwenye ardhi ngumu kuona kama anachechemea.

Usimharakishe. Na usimfiche kitu: dawa alizochomwa wiki iliyopita, kikohozi cha juzi, mimba. Ng'ombe hubeba mimba kwa siku zipatazo 283, na aliyeingia mwezi wa mwisho hafai kusafirishwa kwa lori hata kama ndiye mzuri kuliko wote zizini. Aliyezaa juzi naye abaki, pamoja na ndama ambaye kitovu hakijakauka. Mwenye kidonda kibichi, jicho moja lililoharibika na lingine linaloanza kuharibika, au mguu usiobeba uzito, abaki nyumbani.

Mtaalamu akisema hapana, mwombe aandike sababu, umtibu mnyama, ujaribu mwakani. Na kama wilaya yako iko chini ya karantini, hakuna kibali kitakachotoka hadi karantini iondolewe, hata ng'ombe wako awe mzima kiasi gani. Kuna watu hupitisha mifugo kwa njia za panya usiku wakati wa karantini. Mtu wa namna hiyo anabeba ugonjwa kuupeleka kwa wafugaji mamia ambao hawakumkosea chochote, na nasema bila kumung'unya: ni unyama.

Hatua ya tano: kujaza maombi na kulipa

Mnyama akishakaguliwa, maombi hujazwa kwenye MIMIS, mfumo wa Wizara ya Mifugo na Uvuvi. Ukiwa na simu janja na uzoefu unaweza kufungua akaunti yako. Wengi hujaziwa na afisa mifugo, na hakuna ubaya. Kaa naye karibu mkijaza. Andaa namba ya kitambulisho cha Taifa, namba ya simu inayopatikana, barua ya kijiji, vyeti vya chanjo, majibu ya maabara, namba za hereni, namba ya gari na jina la dereva, mahali pa kutoka, njia mtakayopita, na uwanja mnaokwenda. Kwenye sehemu ya sababu ya kusafirisha, iandikwe maonesho au mashindano, wala si kuchinja wala mnada.

Mfumo utatoa kontrol namba. Lipa kwa simu au benki kwa namba hiyo tu, na utunze ujumbe wa malipo. Ukiambiwa utume pesa kwenye namba binafsi ya mtu ili "mambo yaende haraka", kataa. Malipo ya serikali hayapiti huko.

Kibali kikitoka, soma tarehe. Kina muda wake, na muda ukiisha njiani unakuwa huna kibali. Chapisha nakala mbili: moja kwa dereva, moja mfukoni mwako.

Hatua ya sita: lori

Kibali kizuri ndani ya lori baya ni kazi bure. Sakafu iwe na mchanga au majani makavu ili kwato zisiteleze. Ng'ombe mkubwa wa kilo 450 hivi anahitaji karibu mita ya mraba moja na nusu. Mpe hiyo, asibanwe na asiachiwe nafasi ya kurushwa huku na huku kila dereva anapokanyaga breki. Dume awekewe kizuizi, asichanganywe na mitamba. Usimfunge kwa pembe, wala kwa pete ya puani, wala usimlaze kwa kumfunga miguu. Kamba ipite kwenye hatamu, ifungwe kwa fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja, maana akianguka una sekunde chache.

Apande kwa njia ya mteremko mpole, si kwa kukunjwa mkia. Kazi ya kumzoesha hatamu na kelele uwe umeifanya Juni na Julai, kila jioni, hadi atembee nawe bila kuvutwa. Ondokeni alfajiri, mfike jua halijazama. Simameni kwenye vituo vya ukaguzi bila ubishi, toa kibali, mpe ng'ombe maji. Anayekamuliwa anaweza kunywa lita 60 na zaidi kwa siku. Beba nyasi zake alizozoea. Kubadilisha chakula ghafla ndiko kunakovimbisha matumbo mabandani.

Hatua ya saba: mapokezi uwanjani

Getini kuna madaktari wa mifugo. Onyesha kibali kabla hujashusha, na kubali akaguliwe tena. Banda liwe na kivuli, matandiko makavu, na kamba ya kutosha alale na kuinuka. Mbeya usiku wa Agosti ni baridi kali, Dodoma mchana ni jua na vumbi. Jiandae kwa vyote. Spika za muziki zisielekezwe kwenye mabanda. Kama zimeelekezwa, waone waandaaji, msilegee.

Sasa jambo linaloniumiza kuliko yote. Wapo wenye ng'ombe wa maziwa wanaoacha kukamua kuanzia usiku wa kuamkia mashindano ili kiwele kijae na kumvutia jaji. Mtazame ng'ombe huyo asubuhi: kiwele kimekakamaa, ngozi inang'aa, chuchu zimetoka pembeni na zinadondosha maziwa zenyewe, naye anatembea ametanua miguu ya nyuma, hataki kulala. Anaumia, na anafunguliwa mlango wa ugonjwa wa kiwele. Kamua kwa saa zilezile za nyumbani. Jaji mwenye ujuzi anakiona kiwele kizuri kwa mshikizo wake, mishipa na mpangilio wa chuchu, na aliyejazwa kwa mateso anastahili kuondolewa kwenye ulingo.

Kwenye paredi, dume aongozwe na watu wawili, hatamu na pete ya pua pamoja, watazamaji wakae nyuma ya uzio. Ng'ombe jike aliye kwenye joto, yaani anayetaka dume, asipitishwe siku hiyo. Watoto wasipewe kamba ya dume ili wapigwe picha.

Hatua ya nane: kibali cha kurudi

Wengi husahau kwamba safari ya kurudi ni safari nyingine. Kabla ya tarehe 8, muone daktari wa mifugo wa uwanja, amkague mnyama, na uombe kibali cha kurudi nyumbani. Ukimuuza palepale, kibali kinaandikwa kwa mnunuzi na kwa mahali pake papya.

Ukifika, usimrudishe moja kwa moja zizini. Mtenge kwa wiki tatu, na ndoo yake, chakula chake, na mhudumu anayeanza kwa ng'ombe waliobaki na kumalizia kwake. Mpime joto asubuhi. Akitoka udenda, akichechemea au akikohoa, mpigie afisa mifugo siku hiyohiyo na umtajie uwanja aliotoka, ili na wale waliokuwa banda moja naye wapewe taarifa.