Mchaichai sio wa chai tu

Kama una mchaichai jikoni usiutupie tu mzimamzima kwenye sufuria, hapo unapoteza. Chukua majani matatu manne, yaoshe vizuri maana vumbi hukaa kule chini yanakokutana, yakunje fundo halafu yapondeponde na kitako cha kikombe mpaka ile harufu kama ya limau ikupande puani, hapo ndio mafuta yake yanatoka. Maji yakichemka ndio uweke, funika, dakika 10 zinatosha, na kufunika ni lazima jamani kwa sababu mvuke ukitoka unaondoka na harufu yote. Mimi nakunywa usiku bila majani ya chai, haina kafeini kwahiyo usingizi unakuja vizuri tu, na tumbo likijaa gesi kwangu inatuliza.

Yaliyobaki usitupe! Yachemshe tena na maji mengi, yakipoa kidogo loweka miguu au pigia deki, nyumba inanukia safi kabisa. Mengine anika kivulini uweke kabatini kwenye nguo. Mbu hawaipendi hii harufu ila haikai muda mrefu, chandarua kibaki palepale.

Mafuta yake ya chupa usinywe, na kabla ya kupaka changanya na mafuta ya nazi, yakiwa matupu yanaweza kuunguza ngozi. Mjamzito aongee na daktari kwanza.

Ukitaka kupanda, simamisha shina lenye kitako kwenye glasi ya maji, badilisha kila baada ya siku mbili, mizizi ikitoka hamishia kwenye udongo.