Kuiwahi bustani kabla ya jalidi: tunavyofanya nyumbani kwa Mae Thao, Minnesota

Kila Septemba ikifika, vuli inapoanza, majirani wananiuliza, hivi nyie mnafanyaje mpaka Januari bado mna mchaichai na pilipili zenu wenyewe? Jibu ni moja, mama mkwe. Mke wangu ni Mlao, wazazi wake walivuka mto Mekong kutoka Laos baada ya 1975, wakakaa kambini Nong Khai upande wa Thailand halafu ndio wakaletwa Marekani, na huyu mama, ambaye mimi na watoto wote tunamwita Mae Thao, amelima nyuma ya kila nyumba aliyowahi kukaa. Mimi nimemfuata bustanini miaka kumi sasa na haya ndio niliyojifunza kwake.

Na nikisema vuli msifikirie zile mvua za nyumbani. Vuli ya huku ni majani kupukutika, jua linazama mapema, halafu usiku mmoja tu wa jalidi, yaani umande ulioganda kwa baridi, unalala umeacha bustani ya kijani unaamka mrehani wote mweusi umelegea kama mboga iliyochemka jana. Sehemu zetu hizi huo usiku unakuja kati ya mwisho wa Septemba na katikati ya Oktoba, na kazi yote ni kuuwahi.

Watu wengi wakisikia baridi inakuja wanakimbilia kuchuma kilichoiva, nyanya, biringanya, kunde, ndio wanajaza ndoo. Mae Thao anaanza na kile ambacho hakiwezi kununuliwa tena. Nyanya utapata dukani, ila mbegu ya pilipili aliyopewa na dada yake na ameipanda mwaka hadi mwaka, hiyo ikipotea imepotea.

Kwa hiyo pilipili kwanza, tena mapema, usingoje wiki ya mwisho. Mwezi wa nane chagua mche mmoja au miwili iliyo bora, ufunge uzi mwekundu ili mtu yeyote asichume hapo, pilipili ziive mpaka ziwe nyekundu kabisa na zianze kusinyaa zenyewe. Huo mche uwe mbali kidogo na aina nyingine za pilipili maana zinachanganyika kwa nyuki, mwakani unaotesha kitu usichokijua. Ukizichuma vaa glovu, zipasue, kwangua mbegu juu ya sahani ya karatasi, tandaza safu moja tu, weka sehemu kavu yenye hewa siku kama kumi. Usiweke kwenye oveni hata ukiwa na haraka, joto linaua mbegu. Utajua zimekauka ukiikunja mbegu ikavunjika badala ya kupinda. Watoto hii kazi hatuwapi, macho yao tunayataka, wao wanapewa maganda ya kunde ndefu yaliyokaukia mtini, ukitikisa yanalia kama kayamba, hapo wanakaa kwenye ngazi za nyuma wanapukuchua mpaka giza linaingia, yule mdogo anahesabu kwa Kilao na bibi yake halafu ananigeukia mimi anahesabu tena kwa Kiswahili.

Sasa joto. Angalia joto la usiku. Usiku ukianza kushuka chini ya nyuzi 10 za sentigredi, ule mndimu uitwao makrut, wenye majani ya kunukia yanayoonekana kama majani mawili yameungana, uingie ndani na chungu chake. Kabla ya kuuingiza osha majani kwa maji ya sabuni hasa upande wa chini, la sivyo wadudu watahamia kwenye maua yote ya sebuleni. Ukiona nyuzi 5, mrehani wote chuma siku hiyohiyo. Sifuri, basi kila kitu laini kimekwisha. Na tafadhali usiamini simu peke yake! Mwaka fulani simu iliniambia usiku utakuwa nyuzi 2, nikalala, asubuhi nusu ya bustani imekufa, kumbe hewa ya baridi ni nzito inatiririka kama maji inaenda kukaa bondeni, na bustani yetu iko chini kuliko barabara. Mae Thao hakusema neno, alichukua ndoo akaanza kuokota zile pilipili za kijani ambazo bado zilikuwa ngumu. Tangu hapo nimetundika kipimajoto bustanini kwenyewe, na simu ikisema nyuzi 4 mimi nahesabu kama ni sifuri, natoa mashuka ya zamani nafunika.

Mchaichai unahitaji nguvu za mwanaume mzima au vijana wawili. Vaa mikono mirefu, yale majani yanakata kama wembe. Kata majani yote yabaki mashina ya kama sentimita 15, majani usiyatupe, yafunge vifundo yakauke, ni chai ya msimu wote. Kisha zunguka shina na chepe, chimba kwa mbali kidogo, inua bonge zima. Hapo Mae Thao anapiga magoti, anaingiza vidole gumba katikati ya bonge na kulipasua kama mkate, anatafuta mashina manene yenye mizizi myeupe, kila matatu manne anayaweka chungu kimoja. Chungu kinakaa dirishani palipo na mwanga, maji kidogo kidogo tu, udongo ukikauka juu ndio unatia. Kikionekana kimedumaa usihangaike nacho, kinasubiri. Mashina yaliyobaki tunakata ile sehemu nyeupe, frizini. Khulinjani, ule mzizi wa jamii ya tangawizi, nayo ni hivyohivyo, chimba, rudisha kipande chenye macho kwenye chungu, kingine kata vipande weka frizini.

Miche ya pilipili ambayo bado ina za kijani, ng'oa mzima na mizizi yake, tundika kichwa chini garajini, nyingi zitaendelea kuiva zenyewe.

Siku ya kuvuna yenyewe ni wikendi, mashemeji wanakuja, na lazima watu wale. Mchele wa kunata, khao niao, unalowekwa usiku, asubuhi unapikwa kwa mvuke kwenye kile kikapu cha mianzi kama dakika 25, katikati unaugeuza juu chini. Mboga yake ni jeow mak len, na hii ndio njia bora ya kumaliza nyanya za mwisho: choma nyanya, vitunguu saumu na maganda yake, vitunguu vidogo na pilipili juu ya makaa mpaka maganda yaungue, menya, twanga kwenye kinu ukianza na saumu na pilipili na chumvi, nyanya mwisho, halafu kotimiri na sosi ya samaki ya chupa kidogo. Mnakaa chini kuzunguka, mnamega mchele kwa vidole, mnachovya. Mtu aliyekulia ugali haelekezwi hapo.

Kuna vitu havitaki haraka. Majani ya haradali, kotimiri, vitunguu majani vinavumilia jalidi jepesi, na haradali ikipigwa na baridi kidogo inakuwa tamu zaidi. Hiyo tunaiacha mpaka mwisho kwa ajili ya som phak, mboga ya kuchachusha. Kilo moja ya majani, yaanike mpaka yalegee, katakata, chumvi gramu 25 hadi 30, yakande kwa mikono mpaka yatoe maji, ongeza vitunguu majani na konzi ya khao niao uliyoiponda na maji. Shindilia kwenye chupa ya kioo, majani yote yazame, funika bila kukaza, liache jikoni siku tatu nne. Likianza kunukia uchachu onja, ukipenda peleka friji. Likiota ukungu au likinuka uozo, mwaga lote.

Maua ya njano, dao heuang, yasisahaulike. Hayo yanakwenda hekaluni kwa Boun Ok Phansa, mwezi mpevu wa Oktoba mara nyingi, siku watawa wanapomaliza miezi mitatu ya kutulia msimu wa mvua. Laos mvua zinakatika, huku jalidi linaingia, na maua hayavumilii hata kidogo. Tukiona baridi inawahi tunayakata na vikonyo virefu tunayaweka majini garajini, na vichwa vichache tunaviacha vikauke kwa mbegu.

Bustani ikishakuwa tupu bado saumu. Wiki moja au mbili baada ya jalidi la kwanza kali, chukua punje kubwa kubwa usizimenye, ncha juu, kina cha sentimita 5 hadi 7, umbali sentimita 15, funika na nyasi kavu unene wa kiganja. Zitalala chini ya theluji, utavuna Julai.

Mbegu zote ziingie kwenye bahasha, andika jina na mwaka, bahasha kwenye chupa yenye kifuniko, chupa kwenye friji. Pilipili anza kuotesha ndani mwanzoni mwa Machi, zinataka joto kwa chini, sisi trei zinakaa juu ya friji ambako kuna uvuguvugu, na zikichelewa kutokeza usizifukue, zipe hata wiki tatu.