Kabla hujatoa simu mbovu na laptopu zilizojaa kabatini, soma hapa kwanza

Wengi tunazo: vitochi vilivyokufa, laptopu haiwaki, chaja zimekatika waya. Tafadhali usimpe tu wa vyuma chakavu anayepita na mkokoteni.

Ndani ya simu kuna madini yanaitwa tantalamu, yanatoka kwenye mawe ya koltani, na koltani nyingi inachimbwa mashariki ya Kongo, hapo tu ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Wachimbaji wameingia mpaka Hifadhi ya Kahuzi-Biega kwenye makazi ya gorila, wanakata miti, na kwa vile porini hakuna bucha wanawinda humohumo. Gorila hao tangu 2016 wamewekwa kwenye kundi la walio hatarini kabisa kutoweka.

Sasa ukweli ni kwamba wanaorejeleza simu wanapata zaidi dhahabu na shaba, tantalamu nyingi inapotea. Kwa hiyo simu inayotengenezeka itengenezwe, kioo kibadilishwe, apewe mtu aitumie. Iliyokufa kabisa ndo uitoe ikarejelezwe.

Toa laini na memori kadi. Toka kwenye akaunti zako, futa kila kitu. Anayekusanya muulize kibali cha NEMC, lile baraza la mazingira la taifa, akianza kuzungukazunguka achana naye.

Halafu betri, hapa naomba mnisikilize. Jirani yetu mmoja Tabata alikusanya simu za nyumba nzima akazitia kwenye kiroba kimoja na misumari na vipande vya nondo vilivyobaki fundi alipomaliza geti, apeleke vyote kwa mkupuo. Kapanda bajaji, kiroba kaweka miguuni, na barabara zetu mnazijua, kila bajaji ikiruka vyuma vinazigonga zile simu, mara akasikia kitu kinafuka fyuuu, moshi mweupe, harufu kali inakaba koo, dereva kupaki tu kiroba kikalipuka moto. Mama wa watu kaungua mguu, kovu analo mpaka leo juu ya kifundo. Na simu zote zikawa majivu, hakuna cha kurejeleza tena.

Betri ya lithiamu ikitobolewa inajipasha moto yenyewe, hata kama simu ilizimwa siku nyingi. Iliyovimba utaijua, mfuniko umenyanyuka na ukiiweka mezani inazunguka kama pia. Usiibonyeze. Inayotoka itoe, ziba vile vishaba vinavyong'aa kwa selotepu, weka kwenye kopo la mchanga mkavu peke yake. Iliyogandishwa ndani usichokonoe na bisibisi, mpelekee fundi.

Waya msichome kutafuta shaba, moshi wa ile plastiki ni sumu na watoto ndo wanauvuta. TV ya chogo usiivunje, kioo chake kina madini ya risasi. Power bank nazo ni betri hizohizo, na tochi za kuchaji, na spika ndogo za bluetooth, zote zitenge na vyuma, usiziache juani wala kwenye gari lililofungwa vioo.