Namna ya kuchambua kashfa ya ngono ya mwanasiasa

Kila mheshimiwa anapofumaniwa, mtaani swali ni lile lile: mtu ana cheo, mshahara, walinzi na mke nyumbani, alikuwa anatafuta nini tena? Ukianzia hapo huendi mbali, kwa sababu swali hilo linaulizwa na mtu aliyekwisha kuujua mwisho, na mheshimiwa mwenyewe hakuujua. Siku za mwizi ni arobaini, sawa. Mchambuzi anashughulika na zile 39 alizoiba na kurudi nyumbani salama.

Chukua daftari, kalenda na magazeti ya wiki zile zile. Mahojiano ya miaka kumi baadaye yaweke kando kwanza, maana kufikia hapo kila mtu ameshapanga maneno yake. Gawa ukurasa safu nne: alichofanya, alichosema, fedha zilizotoka, na nani walijua. Jaza tarehe tu. Ukianza na sababu, utajikuta unachagua tarehe za kuitetea.

Safu ya waliojua ndiyo watu wengi huiacha wazi, na ndiyo yenye utamu. Mwanasiasa hana siri ya peke yake: kuna dereva, katibu, mpanga ratiba, na wapambe wanaokula kwa jina lake. Mark Sanford, gavana wa South Carolina, alitoweka siku kadhaa mwezi Juni 2009, na ofisi yake ikawaambia waandishi kwamba yuko kwenye njia ya milima ya Appalachian, anatembea kwa miguu. Kumbe alikuwa Argentina kwa mwanamke wake. Mwandishi mmoja akamsubiri uwanja wa ndege wa Atlanta tarehe 24 akamnasa anashuka. Kwa kila jina la mpambe andika alifunika nini. Aliyezoea kufunikwa katika mambo madogo, kama kuchelewa kikao au kukosea takwimu, haoni ajabu kufunikwa na katika kubwa. Hatari anayoiona yeye ni ndogo kuliko unayoiona wewe, na ina sababu: kila mara amepita salama. Bodaboda anayekata taa nyekundu kila asubuhi hapigi hesabu ya ajali. Kwake taa ile ni ya kijani.

Fedha nazo zina maneno yake. Eliot Spitzer alikuwa mwanasheria mkuu wa jimbo la New York kuanzia 1999 hadi 2006, kisha gavana, na kazi iliyompa jina ilikuwa kuwafuata wakubwa wa fedha. Marekani benki inalazimika kuripoti muamala wa fedha taslimu unaozidi dola 10,000, na pia muamala unaotia shaka. Kuzigawa fedha vipande vipande ili kukwepa ripoti ni kosa jingine la peke yake. Spitzer alikuwa anawalipa watu wa biashara ya ukahaba wa bei ghali. Miamala yake ikaishtua benki, wachunguzi wakaanza wakidhani ni rushwa, na nyuma ya rushwa wakakuta ngono. Habari ikatoka tarehe 10 Machi 2008. Tarehe 12 akatangaza kujiuzulu. Hapa usiandike kwamba hakujua sheria. Aliijua kuliko wengi, na huenda hilo ndilo lililomponza: anayejua mtego ulipo huamini anaweza kuuruka.

Safu ya alichosema ihesabie siku, kutoka kukana hadi kukiri. John Profumo, waziri wa vita wa Uingereza, alikana bungeni tarehe 22 Machi 1963 kwamba ana uhusiano usiofaa na msichana Christine Keeler, akajiuzulu tarehe 5 Juni: siku 75. Bill Clinton, rais wa Marekani, alikana mbele ya kamera tarehe 26 Januari 1998 uhusiano wake na Monica Lewinsky wa Ikulu, akakiri tarehe 17 Agosti: siku 203. Anthony Weiner, mbunge wa New York, alituma picha yake ya chupi hadharani kwa kubonyeza vibaya tarehe 27 Mei 2011, akadai akaunti yake ya Twitter imedukuliwa. Alipobanwa kama picha ni yake, akasema hawezi kusema kwa uhakika. Soma jibu hilo mara mbili. Mtu aliyedukuliwa kweli huijua chupi yake. Siku ya kumi akakiri.

Ukishapata idadi ya siku, jaribu kufuta safu moja moja uone kama anguko bado linasimama. Profumo mfutie uongo wa bungeni, na kesi inabaki dhaifu sana. Clinton alishtakiwa na Baraza la Wawakilishi kwa kusema uongo chini ya kiapo na kuzuia haki, na Seneti ikamwachia tarehe 12 Februari 1999. Sanford alikiri siku ile ile aliyonaswa. Alimaliza muhula wake, na mwaka 2013 wapiga kura wakamrudisha bungeni. Matt Hancock, waziri wa afya wa Uingereza, alinaswa na kamera akimkumbatia msaidizi wake; picha zilipochapishwa Juni 2021, akaondoka kesho yake. Kilichomtoa ni kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiwahimiza wananchi wasisogeleane.

Makosa ya kawaida. La kwanza, kuandika "tamaa" na kufunga daftari. Tamaa wanayo walimu na mafundi pia. Haikuelezi kwa nini Weiner alirudia baada ya kupoteza kiti, akijiita Carlos Danger. La pili, kuhesabu walionaswa tu, kana kwamba wengine wote ni malaika. La tatu, kusema ni maumbile ya wanaume. Iris Robinson, mbunge wa Ireland Kaskazini, alikuwa na uhusiano na kijana wa miaka 19, akamtafutia pauni 50,000 kwa wajenzi wa majumba ili afungue mgahawa. Mambo yakalipuka Januari 2010. Wanaume ni wengi kwenye kashfa kwa kiasi fulani kwa sababu ni wengi kwenye viti.

La nne ni zito. Kama mwenzake alikuwa mtumishi wa chini yake, mwomba kazi au mtoto, usiseme "alihatarisha cheo". Cheo ndicho kilikuwa chombo. Kwetu hilo lina jina, rushwa ya ngono, na Tanzania limo kwenye sheria ya rushwa ya 2007. Weiner mwenyewe aliishia kwa mtoto: mwaka 2017 alifungwa miezi 21 kwa ujumbe aliomtumia binti wa miaka 15.

Kabla ya kuchapisha, rudia tarehe. Hadithi ya Gary Hart, aliyeongoza mbio za urais wa Marekani mwaka 1987, husimuliwa hivi: aliwaambia waandishi wamfuate, wakamfuata, ikatoka picha yake na mwanamke mapajani, akaanguka. Kalenda inakataa. Kauli ile ilichapishwa tarehe 3 Mei, siku ile ile gazeti la Miami Herald lilipotoa habari yake. Waandishi walikwishaanza kuivizia nyumba yake kwa sababu ya simu ya mtoa taarifa. Alijitoa tarehe 8 Mei. Picha ya mapajani ilitoka baada ya hapo.