Kufanya Mazoezi ya Uzito ya Mwili Mzima Nyumbani kwa Kufuata Video

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri watu wazima waimarishe misuli yote mikubwa angalau siku 2 kwa wiki, na jambo hilo linawezekana kabisa nyumbani. Chagua video yenye kuchuchumaa, kusukuma, kuvuta na kuinua mzigo kutoka sakafuni. Ikikosa kuvuta, kama zikosavyo nyingi, mgongo hautapata kazi ya kutosha. Itazame yote kwanza ukiwa umekaa, kwa sababu anayejifunza mkao huku ameshika uzito hugeuza shingo kuangalia simu na kupinda mgongo bila kujua. Asiye na vyuma atumie madumu: lita 1 ya maji ina takriban kilo 1, hivyo dumu la lita 5 linamfaa anayeanza, mradi lijazwe pomoni, maana maji yanayochezacheza huyumbisha mkono. Mwalimu akienda kasi kuliko uwezo wako, simamisha video; kurudia mara chache kwa mkao sahihi kuna faida kuliko kukimbizana naye. Pumzika siku 1 kati ya vipindi, na ukihisi maumivu makali ya kiungo, acha zoezi hilo mara moja.