Kuusoma udongo kabla ya kulilaumu gugu: somo la hatua 5

Mtu akikuta ardhi iliyokuwa na mimea ya kila aina imefunikwa na gugu vamizi la aina moja, huhukumu papo hapo kwamba gugu ndilo lililoua mingine. Mara nyingine ni kweli. Mara nyingine udongo ndio ulioharibika kwanza, kwa kushindiliwa, kurundikiwa mbolea au kuingiwa na chumvi, na gugu likahamia mahali ambapo wenyewe walikwisha kuondoka. Ni lazima hali hizi mbili zitenganishwe mapema, kwa kuwa kung'oa gugu katika hali ya pili ni kazi ya kurudia kila mwaka.

Hatua ya 1: Anzia ukingoni. Usianzie katikati ya gugu, kwa maana huko hakuna cha kulinganisha. Vuta kamba kutoka ndani ya eneo lililovamiwa hadi lisipofika gugu, kisha laza fremu ya mraba ya mita 1 kwa 1 kila baada ya mita 5. Kamba 3 ndicho kiwango cha chini, na zote zipite mahali penye mteremko na kivuli vinavyofanana.

Hatua ya 2: Hesabu mimea kabla ya kuchimba. Katika kila fremu, kadiria ni asilimia ngapi ya ardhi imefunikwa na kila aina. Jumla ikizidi 100 usishtuke, kwani majani hupandana. Miche iandike peke yake: aina yenye mimea mikubwa lakini isiyo na mche hata mmoja inaelekea kutoweka, ingawa kwa macho bado ipo.

Hatua ya 3: Shika udongo kwa mkono. Watu wengi huiruka hatua hii wakikimbilia vipimo, nami naiona kuwa yenye faida kuliko zote. Chukua konzi ya udongo, ondoa mawe na mizizi, ulowanishe kidogo kidogo huku ukiukanda mpaka ushikamane bila kunata. Sasa usukume kati ya kidole gumba na cha shahada ili utoke kama utepe. Usipotoa utepe kabisa, ni wa kichanga. Utepe ukikatika kabla ya sentimita 2.5, ni tifutifu. Ukifika kati ya 2.5 na 5, ni tifutifu wenye mfinyanzi. Ukipita 5, ni mfinyanzi. Kisha chomeka msumari mrefu ardhini, ndani na nje ya eneo la gugu, wakati unyevu ukiwa sawa. Ukizama kwa urahisi upande mmoja na kugoma upande wa pili, umepata habari ambayo kipimo cha kemikali kisingekupa.

Hatua ya 4: Kusanya sampuli. Chimba vishimo 10 vya kina cha sentimita 15 kila upande, uchanganye udongo wa upande mmoja katika ndoo ya plastiki. Mimi niliwahi kutumia ndoo ya bati, na majibu yakaja na zinki nyingi ambayo ilitoka kwenye ndoo yenyewe. Kwa pH, yaani kipimo cha tindikali ya udongo (namba ikishuka, tindikali huzidi), changanya sehemu 1 ya udongo na 2.5 za maji. Kumbuka kwamba tofauti ya namba 1 ni tofauti ya mara 10 ya tindikali. Chini ya takriban 5.5, aluminiamu huanza kuyeyuka na kudhuru mizizi, ikipita 7.5, chuma na fosforasi huwa vigumu kupatikana. Nguvu ya jambo hili inaonekana Rothamsted, Uingereza, katika jaribio la Park Grass lililoanza mwaka 1856: vipande visivyowekwa mbolea bado vina aina nyingi za mimea, ilhali vilivyotiwa salfeti ya amonia, mbolea inayozidisha tindikali, mwaka baada ya mwaka bila chokaa vimebaki na aina chache mno. Hakuna mvamizi aliyehitajika.

Hatua ya 5: Uliza nani alitangulia. Ikiwa udongo unabadilika polepole na mabadiliko hayo yanaendelea hata baada ya kuvuka ukingo wa gugu, yaelekea udongo ulitangulia. Yakikoma pale pale ukingoni, gugu linashukiwa. Wapo wavamizi wanaobadilisha udongo waziwazi: *Morella faya*, mti uliofikishwa Hawaii kutoka visiwa vya Atlantiki, una vinundu mizizini vinavyonasa naitrojeni ya hewani na kuitia katika udongo mpya wa volkano ambao haukuwa nayo, nao mmea wa *Mesembryanthemum crystallinum* hukusanya chumvi mwilini, na ukifa huiacha juu ya ardhi, ambapo miche ya majani mengine hushindwa kuota. Hata hivyo, kulinganisha ndani na nje peke yake hakuthibitishi. Chagua kwa kura nusu ya fremu za ndani, ukate gugu usawa wa ardhi (kung'oa huvuruga udongo, na huko ni kubadilisha mambo mawili kwa mpigo), kisha ufuatilie misimu 2 au zaidi.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, niliondoa gugu lote, lakini mwaka uliofuata likaja jingine. Nilikosea wapi?*

Huenda hukukosea katika kuondoa. Gugu likiwa limeongeza naitrojeni, akiba hiyo hubaki baada yake, na wanaoiwahi ni mimea inayokua haraka. Wengine hutandaza vumbi la mbao ili vijidudu vya udongo, vikiliozesha, viichukue naitrojeni hiyo. Husaidia, lakini kwa muda tu.

*Je, niweke mbolea ili mimea ya asili ipate nguvu?*

La, kama mimea hiyo imezoea udongo maskini. Umaskini huo ndio unaomzuia mshindani mwenye pupa.

*pH ni sawa ndani na nje. Basi udongo hauhusiki?*

Bado, ndugu. Gugu liitwalo *Alliaria petiolata*, kwa mfano, hutoa kemikali zinazodhoofisha kuvu wanaoisaidia mizizi ya miti, na kipimo cha pH hakiwaoni kuvu. Jaza vyungu 10 kwa udongo wa ndani na 10 kwa udongo wa nje, panda mche wa asili wa aina moja katika vyote, uvimwagilie kwa kiasi kimoja, na baada ya wiki 8 uoshe mizizi, uikaushe na kuipima uzito.