Namna ya Kufuga Samaki Kipepeo katika Tangi la Maji ya Chumvi

Samaki kipepeo anapokufa katika tangi la nyumbani, mara nyingi kinachomuua ni njaa, hata kama maji yake yalikuwa safi. Kwa hiyo anayetaka kumfuga hana budi kuanza na swali la chakula kabla ya kufikiria vioo na taa.

Familia yake, ambayo wanasayansi huiita Chaetodontidae, ina zaidi ya spishi 120, nazo zinatofautiana sana kwa ulaji. Wapo wanaoishi kwa kudonoa nyama hai ya matumbawe na ambao karibu hawagusi kitu kingine. Miongoni mwao ni Chaetodon trifascialis, Chaetodon meyeri na Chaetodon ornatissimus. Uzuri wao unashawishi mno, lakini kuwanunua ni kuwahukumu kifo, na kwa maoni yangu hata muuzaji hapaswi kuwaagiza. Anayeanza amchague Chaetodon auriga, anayetambulika kwa uzi mrefu unaochomoza nyuma ya pezi la mgongoni, au Chaetodon kleinii, au Heniochus acuminatus mwenye pezi jeupe lililorefuka kama utepe. Chelmon rostratus, mwenye mdomo mrefu na milia ya rangi ya machungwa, hununuliwa na wengi ili awamalize anemoni wasumbufu wa jenasi ya Aiptasia, yaani wanyama laini wa baharini wanaojishikiza maweni, ila ni mteuzi wa chakula na anamfaa mfugaji mwenye uzoefu.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji amlishe samaki huyo mbele yako, na asipokula, mwache. Mtazame pia nyuma ya kichwa na tumboni: nyama ikiwa imebonyea, amekonda kiasi ambacho ni vigumu kumrudisha. Wadogo sana hawana akiba mwilini, na wakubwa sana huzoea chakula kigeni kwa shida. Kwa spishi nyingi, urefu wa sentimita 8 hadi 12 unafaa.

Tangi liwe la lita 400 au zaidi, lenye mawe yaliyopangwa hivi kwamba samaki apate mapango ya kujificha na nafasi pana ya kuogelea. Bakteria wanaogeuza amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki, kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati, huhitaji majuma kadhaa kuenea katika mawe na chujio, kwa hiyo kipepeo asiwe samaki wa kwanza kutiwa. Tangi lililokaa miezi kadhaa, lenye mwani na vijidudu maweni, linampa cha kudonoa tangu siku ya kwanza. Joto liwe kati ya nyuzi 24 na 26 za Selsiasi, chumvi iwe karibu gramu 35 kwa lita, pH (kipimo cha asidi ya maji) kati ya 8.1 na 8.4, na amonia na nitriti zisionekane kabisa katika vipimo.

Mtenge kwanza katika tangi dogo kwa majuma manne au zaidi, huku ukichunguza madoa meupe yanayoletwa na kimelea Cryptocaryon irritans. Akihitaji dawa ya shaba, itumike humo humo kwa kipimo sahihi, kwa sababu shaba ikiingia katika tangi kuu itaua matumbawe, konokono na uduvi.

Utengano huo ndio wakati mwema wa kumfundisha kula. Mpe kome mbichi aliyefunguliwa, akiwa bado ndani ya kombe lake, umlaze juu ya jiwe, kwani hata samaki mwenye woga hushindwa kuiacha nyama hiyo. Akishazoea kulijia kombe, shindilia ndani yake artemia (vijidudu vya maji ya chumvi vinavyofanana na uduvi) na uduvi walioyeyushwa kutoka barafuni, kisha baada ya siku chache uwaachie wakielea majini. Baharini hudonoa mchana kutwa, hivyo mgawie milo midogo mitatu au minne kwa siku, na uondoe mabaki kabla hayajaoza. Usimweke pamoja na samaki wakali wanaokimbilia chakula, kwa sababu yeye hula polepole na atabaki na njaa huku wewe ukidhani umewalisha wote.

Tangi lenye matumbawe ya thamani si mahali pake, maana hata spishi zisizotegemea matumbawe zinaweza kuyadonoa pamoja na anemoni na minyoo ya mirijani. Usiku, taa zikizimwa, rangi zake zinaweza kufifia au kupata mabaka meusi. Usikimbilie dawa, bali mtazame tena asubuhi baada ya mwanga kurudi.